Kukagua kwa Sikio

Chuma kiligonga chuma nje ya pazia, mara moja, kisha kikanyamaza. Kikagonga tena, karibu zaidi. Nilikuwa nimeketi juu ya kreti ya soda ndani ya kibanda cha mabati pale Kakuma, siku yangu ya kwanza, na asubuhi ile sikuwa nimeona uso wa mtu isipokuwa wa dereva aliyenishusha akaondoka na vumbi lake. Nikasimama. Nikakishika kijiti changu cha kazi, kile cha umeme cha kupima chuma, kama mtu anayesubiri nyoka atoke chini ya kitanda.

Aliyefunua pazia alikuwa amevaa sare kama yangu: shati la bluu, sketi nyeusi, tai. Kijiti kikaanza kulia kabla hajanyoosha mkono.

"Ejok," akanisalimu kwa Kiturkana.

"Fungua vifungo vya juu, dada."

"Wewe ndio mgeni? Mimi ni Akai. Mimi ndio wa kukufundisha hii mlango."

"Nitafundishwa baadaye. Fungua vifungo."

Akalegeza tai na kufungua kola. Chini ya shati kulikuwa na shanga zilizopandana hadi ukingo wa kola, na chini yake pete nene ya chuma imeizunguka shingo, ncha zake mbili zimebanwa zikakutana.

"Toa," nikasema.

"Haitoki. Bwana yangu alinifunga hii siku ya ndoa. Kwetu inatoka siku moja tu, ile siku mzee amekufa." Akafunga kifungo kimoja. "Sasa wewe unataka kuua mzee yangu, na hata chai hujakunywa."

Ndivyo nilivyokutana na mwalimu wangu wa mwisho. Naandika haya kwa nyinyi mnaobaki milangoni, hasa mabinti mliopewa kijiti juzi na kuambiwa kwamba kikilia kuna hatari. Kijiti ni chombo kizuri. Hakijui kitu.

Kukagua nilikuwa nimekagua miaka mingi kabla ya Turkana. Nilianzia kwenye lango la kiwanda cha sukari huko kwetu magharibi, nikiwapapasa wanawake wa zamu walipotoka. Sukari inajua kujificha. Nimeitoa ndani ya kilemba, ndani ya soksi, ndani ya mkate uliochimbwa katikati. Mara moja niliikuta ndani ya nepi ya mtoto. Kilichonishtua ni kwamba mtoto alikuwa mkavu tangu asubuhi. Kazi ile ilinifundisha kutoiamini nguo yoyote. Mtu akinisalimu kwa furaha, macho yangu yalishuka kwenye pindo la sketi yake. Nyumbani binti yangu Nekesa alikuwa akiniambia, "Mama, mimi si zamu ya usiku," kila nilipomkumbatia, kwa sababu mikono yangu ilikuwa ikipita yenyewe kiunoni mwake.

Mwaka 2012 kila mlango wa nchi hii ulikuwa umeanza kuogopa mikoba. Kampuni yetu ya ulinzi ikahitaji wanawake wa kukagua wanawake, na waliokubali kwenda kaskazini hawakuwa wengi. Nilikubali. Kakuma nilipewa mlango wa kituo ambako watu wa kambi ya wakimbizi na wenyeji walifuata huduma, na kila mwanamke aliyeingia alipita mbele yangu na Akai, nyuma ya pazia la turubai.

Kwa siku za mwanzo niliona wezi tupu. Msomali mmoja aliingia na jilbabu pana kama hema, nami nikawaza ni vitu vingapi vinaweza kukaa mle. Mwongozo wetu ulisema kichwa kifunuliwe. Akai akanivuta kando. "Geuza mgongo," akaninong'oneza. "Mwache afunue mwenyewe, ajipapase mwenyewe, wewe sikiliza tu." Nikageuka nikitazama mabati, nikiwa na hakika kwamba nadanganywa nyuma yangu. Yule mama akajipigapiga mbavu, mapaja, mgongo, kwa adabu, kama anayekung'uta godoro. Nikasikia kitambaa na mwili, basi. Alipomaliza akajifunika, akanishukuru kwa kutomtazama. Tangu hapo nilijua kuna wakati mgongo unakagua vizuri kuliko macho.

Mkongomani mmoja, vitenge vitatu kiunoni, alisimama mikono juu huku nikimpekua hadi akachoka. "Mama, weye unatafuta nini? Hata bwana yangu hanitafutaka hivi." Foleni nzima ikacheka. Mimi nikaendelea kutafuta. Kilikuwepo kitu pia, chupa ndogo ya mafuta ya nywele, nami nikaiinua juu kama nimekamata bomu, wakacheka zaidi.

Kwa wanawake wa Kiturkana kijiti hakikufaa kabisa. Kililia mbele ya kila mmoja wao, kwa sababu kila mmoja alibeba chuma, shaba na shanga za uzito wa mtoto mchanga. "Hii mashine ni kama mtoto," Akai alisema. "Inalia tu, haisemi inalilia nini." Na kuzigusa shanga za mtu hakutaka nifanye; zimepakwa mafuta, zimepangwa na mikono yake, na mkono wa mgeni ukipita pale ni kama umepita kwenye titi. Njia yake ilikuwa nyingine. Alimwambia mwanamke aruke kidogo, mara mbili, palepale alipo. Kisha alifumba macho.

"Shanga zinaongea pamoja," alinifundisha. "Kitu kigeni kinaongea peke yake."

Sikuamini. Nilidhani ni ujanja wa kuwapitisha ndugu zake. Basi nikaanza kumpima: nilificha funguo, sarafu, kifuniko cha soda katika shanga za mwanamke fulani muuza maziwa aliyekubali kunisaidia kwa kucheka, naye Akai alizitaja zote bila kufumbua macho. Baadaye alinifunga mimi macho kwa tai yangu mwenyewe, na akanifundisha hadi nilipoweza. Pete ya ndoa, nzima na iliyobanwa vizuri, huwa haisemi. Inatulia juu ya mfupa wa shingo na kuziacha shanga ziongee juu yake. Ile ya Akai niliisikia siku ya kwanza kwa sababu tu iligongwa na kibanio cha chuma cha kijiti chake mwenyewe, kilichoning'inia shingoni ndani ya kola.

Mwongozo wa kampuni ulisema shingoni pasiwe na kitu isipokuwa tai. Msimamizi alipokuja kukagua sare, Akai alifunga kola hadi juu, akakaza tai, akasimama wima katika joto la Kakuma bila kupepesa. Alibeba sheria mbili kwenye shingo moja. Nilimuuliza atavunja ipi akilazimishwa. "Ile haitavunja nyumba yangu," akasema, akarudi mlangoni.

Mwaka uliofuata nikahamishiwa Lodwar, mlango wa mahakama. Akai akabaki Kakuma. Pale nilipata chumba cha mbao chenye milango miwili: wa nje wa kuingilia, na wa ndani wa kupitia kwenda kwenye ukumbi wa kesi. Wanaume walikaguliwa upande wa pili na Lokol, mzaliwa wa palepale, mtu mpole mwenye mazoea ya kukubaliana na aliyezungumza mwisho. Bango lilikuwa ukutani: kofia zivuliwe, simu zizimwe, chuma chochote kisichokuwa saa, funguo au pesa kibaki nje. Mezani kwangu vilibaki visu vya mkononi, mikasi, nyembe za kunyolea, na mara moja kichwa cha cherehani ambacho mwenyewe alikataa kuachana nacho kwa sababu ndicho kilichokuwa kikigombaniwa.

Jina la mwanamke ninayetaka kumsimulia nimelibadilisha. Nitamwita Arupe. Alisuka na kuuza vikapu vya majani ya mkoma karibu na soko la Lodwar. Mumewe alikuwa amekwenda upande wa Nadapal, mpakani, kufuata punda waliopotea, na msimu mzima ulikuwa umepita bila yeye kurudi. Kaka wa mume, Ekai, akaja akawaswaga mbuzi wa nyumba ile hadi kwake, akisema ndugu yake amekufa, na kwa mila mbuzi, mjane na watoto ni wake yeye. Arupe akasema mumewe hajafa, yeye si mjane, mbuzi warudi. Chifu alishindwa, kesi ikafika kwetu.

Siku kesi ilipotajwa mara ya kwanza, Lokol alimvua Ekai kisu cha mkononi, kile cha duara kinachovaliwa kama bangili. Ekai aliuliza bango linasema nini. Akasomewa. Akaomba asomewe tena ile sehemu ya chuma. Nilimwona anavyolisikiliza lile bango, nikajiambia huyu mtu ana mpango.

Siku ya kusikilizwa alifika mapema, mkono mtupu, kofia yenye unyoya ameishika tayari. Kofia yake ilitoka bila kuua mtu.

"Madam," akaniambia kutoka upande wa Lokol, "leo mimi niko msafi. Kisu imebaki nyumbani."

"Vizuri, mzee."

"Sasa huyu bibi ya ndugu yangu ako na chuma. Ile kubwa ya shingo. Sheria yenu haina macho?"

"Sheria ina macho yangu."

"Basi itoke. Mimi nilitolewa kisu, sikulia."

Alisema kwa sauti ya kufikia wazee wawili waliokuwa benchini, walioitwa na mahakama kueleza mila. Nikaelewa mpango wake. Arupe akiivua pete ile mlangoni, kwa sababu yoyote ile, mbele ya wazee wale, atakuwa amemzika mumewe kwa mkono wake. Hakimu angebaki na nini cha kuamua?

"Mama Nekesa," Lokol akasema bila kuniangalia, "huyu mzee anasema ukweli. Bango ni bango."

"Lokol, tangu lini unasoma bango?"

Akajipangusa mdomo. Alikuwa na makombo ya mandazi kwenye shati, na Ekai alikuwa na makombo yaleyale ndevuni. Niliwashuku wote wawili, na chai yao.

Nikamwingiza Arupe chumbani, nikafunga mlango. Alikuwa mrefu, nywele zimenyolewa kandokando, shanga zimepakwa mafuta mapya. Hayo mafuta mapya sikuyapenda. Aliweka mezani sindano yake ya kusukia vikapu kabla sijamwambia.

"Ruka kidogo, mama. Mara mbili."

Akaruka. Shanga zikaongea pamoja. Na chini yake, peke yake, kitu kikasema: tik.

"Tena."

Tik.

Nikakumbuka katazo la Akai, nikalivunja. Nikaweka kidole kwenye pete. Ncha zake hazikukutana. Zilikuwa zimeachana, zikigusana kila anaposogea, na chini ya mafuta palikuwa na mkwaruzo mweupe mpya, mahali ambapo jiwe lilikuwa limepiga.

"Hii imefunguliwa," nikanong'ona.

Macho yake yakaenda kwenye mlango. "Nani amekuambia?"

"Yenyewe."

Nje Ekai alikuwa akicheka na Lokol. Nikamsogelea. "Bwana yako yuko wapi?"

"Hiyo mahakama itasema."

"Nakuuliza mimi."

Akaigeukia meza. Kisha akasema akiangalia sindano yake, polepole. "Kuna mchungaji wa mifugo alileta viatu yake. Zile za tairi. Alitoa huko njia ya Nadapal. Ya kushoto iko na waya nilishona mimi."

"Labda viatu viliibiwa."

"Mchungaji aliona mwenyewe. Yeye ndio alimfunika na mawe." Akagusa pete. "Nilienda lagani, kwa ule mto mkavu, peke yangu. Nikatoa hii. Nikalia mpaka nikamaliza. Halafu nikarudisha. Najua ni vibaya. Mjane havai. Lakini Ekai ameshaongea na mzee mmoja wa Lokiriama juu ya msichana wangu mkubwa. Yeye anangoja tu baba ya mtoto aitwe marehemu. Huyo mtoto ako darasa la saba."

"Na mchungaji?"

"Amerudi ng'ambo. Hakuna mwingine anajua. Hata wasichana wanangoja baba yao."

Mnajua nimeishi kwa kushuku. Nilimshuku na yeye pia. Nilijiuliza kama viatu vile viliwahi kuwepo, kama kuna mwanaume mwingine mahali, kama huyu mwanamke anayesema amemlilia mumewe lagani anajua zaidi kuhusu alivyokufa. Kwenye kazi hii nimeona machozi ya kila namna, mengi yakiwa yamekuja na sukari. Arupe hakutoa hata tone. Alikuwa amesimama kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa hadi ukingoni. Kwa hilo nikamwamini.

Lakini nje kulikuwa na masikio. Ikiwa mimi mgeni nimesikia, wale wazee waliozaliwa katika sauti hiyo watasikia kabla hajafika katikati ya ukumbi. Kuivua ni kumzika mumewe mlangoni. Kuiacha ilie ni kumzika mbele ya hakimu.

Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hakuna silaha inayoingia. Sikuwa nimeulizwa kama mume wa mtu yuko hai. Nikachukua mikasi kutoka kwenye mali iliyozuiliwa, nikageuza tai yangu, nikakata ule upande mwembamba wa nyuma. Nikakizungusha kitambaa kwenye zile ncha mbili, nikavuta, nikakaza kwa meno, nikakisukuma chini ya shanga, nikapaka juu yake mafuta kutoka shingoni mwake. Mwisho wa mwaka nilipokabidhi sare, mtunza stoo aliinua ile tai kwa vidole viwili na kuniuliza ni panya gani wa Lodwar anakula kwa mstari ulionyooka hivyo. Nikamwambia panya wa mahakamani.

"Ruka," nikamwambia Arupe.

Akaruka. Shanga tu.

Nikafungua mlango. "Hana silaha."

"Na chuma?" Ekai akauliza.

"Ni pete ya ndoa."

"Bango haijasema pete."

"Hakimu ameingia na yake kidoleni. Ukitaka nitoe ya huyu, tangulia ndani umwombe yake kwanza."

Mmoja wa wale wazee alicheka puani. Lokol akapangusa makombo yake.

Nilisikiliza kesi kupitia mlango wa ndani, ulioachwa wazi kidogo kwa ajili ya hewa. Ekai alisema ndugu yake amekufa. Hakimu, mama mgeni wa kaskazini kama mimi, akamuuliza amejuaje. Akasema kila mtu anajua. Hakimu akauliza ni nani hasa aliyeuona mwili. Ekai akataja siku nyingi, akataja mvua, akataja hatari ya njia ya Nadapal. Arupe alipoulizwa, alijibu kwamba anataka mbuzi zake warudi, na watoto wake wakae shule, asiozwe yule mkubwa. Hakuulizwa kwa maneno kama mumewe yuko hai. Sijui kama ilikuwa bahati yake au akili ya hakimu. Na huyo naye nilimshuku.

Kisha mzee wa kwanza, aliyekuwa amekalia kigoda chake badala ya benchi, akaitwa aeleze. Hakueleza mara moja. Akasema kwa Kiturkana, mkalimani akafasiri: "Huyu mama atembee. Kutoka pale hadi hapa."

Nikashika fremu ya mlango. Arupe akatembea. Ukumbi ulinyamaza kiasi kwamba nilisikia nyayo zake kwenye saruji, na shanga, na feni. Mzee alikuwa amefumba macho, kama Akai. Alipofika mbele yake mzee hakuyafumbua upesi.

"Amevaa," akasema hatimaye. "Kwetu mwanamke aliyevaa ana bwana."

Ekai akasimama, akaambiwa akae. Hakimu akaamuru mbuzi warudishwe, na kwamba mama na binti zake wasihamishwe wala mtoto asiozwe, hadi atakapoletwa shahidi wa kweli wa kifo hicho. Ekai alipita kwa Lokol bila kumuaga, ameshika kofia yake mkononi, amesahau kuivaa.

Mzee wa kigoda alipita taratibu. Akasimama mbele ya mlango wangu.

"Mama," akasema kwa Kiswahili kizuri kuliko nilivyotarajia, "tai yako imekuwa fupi upande mmoja."

"Iliingia maji, mzee. Ikajikunja."

"Lodwar hii? Maji?"

Akaendelea na safari yake, kigoda kikining'inia mkononi. Tangu siku hiyo sijaacha kumshuku mzee yule, na ni mmoja wa watu wachache ninaotamani kuwaona tena.

Arupe akaja mwisho, kufuata sindano yake. Akaichukua, akaishika, asiondoke.

"Naweza kutoa kidogo?" akauliza. "Hapa. Kwa kuwa wewe unajua."

Nikaufunga mlango wa ndani, kisha wa nje. Akakilegeza kitambaa, akaivuta pete, akaketi sakafuni akiwa ameipakata. Mimi nikageuza mgongo nikaangalia mbao, kama nilivyofundishwa Kakuma. Sikusikia kilio. Nilisikia pumzi ikikatika na kuunganika, kitambaa cha sketi kikikunjwa ndani ya ngumi, na shanga zikitetemeka zote kwa pamoja, kwa muda mrefu. Hakukuwa na kitu kigeni ndani yake.

Baadaye akasema, "Tayari." Nikageuka. Nikaifunga tena pete, nikakaza kitambaa, nikalainisha mafuta juu yake.

"Ruka," nikamwambia.

Akaruka mara mbili. Nikafumba macho kusikiliza, na pete haikusema neno.

"Uko sawa, mama."

Akaweka sindano ndani ya kikapu, akafungua mlango wa nje, akatoka kwenye jua la Lodwar, na mlango ukajifunga nyuma yake.